Kopo la Maoni

Kila Ijumaa, mvua ikiligonga paa la Valdivia
kama mdai aliyechoka kuombwa radhi,
nalifungua kopo.

Zamani lilikuwa la biskuti.
Tundu nililitoboa mwenyewe kwa kisu cha jikoni,
kikaniteleza, ndiyo maana limekwenda upogo.
Vikaratasi hutoka vimekunjwa mara nne, mara nane,
kana kwamba anayeviandika anaogopa
nitamjua kwa mkunjo.

*Kiti cha nne, karibu na ramani, kinalia
kila aliyekikalia akivuta pumzi.*

*Soketi ya meza ya saba imekufa.
Tumekwisha kuifanyia matanga.*

*Kitabu cha udongo na maporomoko: nakala moja,
sisi sitini. Kukiona ni kama kuuona
mwezi mwandamo siku ya mawingu.*

*Nani anamenya machungwa ghorofa ya pili?
Sisemi aache. Nauliza kama anauza.*

Na mwingine kachora paka. Paka tu,
amejikunja juu ya bomba la joto
ambalo tangu Juni halina joto.

Mkurugenzi Oyarzo anataka jedwali.
"Hesabu, Eduvina. Wakubwa hawasomi hadithi."
Basi nahesabu:
baridi, kumi na tisa. Soketi, kumi na moja.
Kelele, nane. Ukimya uliozidi, mmoja.
Paka namwandika kwenye baridi.

Lakini kulikuwa na kile cha Mei,
nyuma ya risiti ya mkate, kwa penseli isiyochongwa:

*Msifunge saa mbili. Kwetu kuna kaka wawili,
runinga, na jiko la kuni linalotoa moshi.
Hapa nina meza.*

Hakuna jina. Ila miaka ishirini na sita
nimepokea fomu za kuazima vitabu,
na ile *y* yenye mkia mrefu naijua:
Rayén Huenumán, uuguzi, mwaka wa pili,
koti la kijani lenye kifungo kimoja cha bluu.
Sikumwambia. Yeye naye hakuniambia.
Saa mbili kasorobo nilipozima taa za nyuma
alikusanya madaftari polepole,
kama mtu anayeondoka msibani
akijua nyumbani hakuna chakula.

Risiti ile sikuitia kwenye jedwali.
Nilimpelekea Oyarzo mkononi.
Akaisoma wima. Akaigeuza, akasoma na bei ya mkate.
"Bajeti," akasema. Kisha hakusema kitu kwa muda mrefu.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame.
Nikainama kweli, mimi na fundi Ulises,
chini ya meza ya saba, tochi mdomoni:
tukakuta pesos mia tatu, hereni moja,
na waya uliotafunwa na panya mwenye elimu ya juu.
Ulises akafunga waya mpya. Kwa kiti cha nne
nikakata kipande cha koti la marehemu mume wangu,
nikakigundisha chini ya miguu.
Kinalia bado. Sasa kinalia kwa adabu.

Mwezi wa Agosti barua ikaja:
Jumanne na Alhamisi, tutafunga saa nne usiku.
Bomba la joto litatazamwa.
Kitabu cha udongo kimeagizwa, na kuagizwa, kama ujuavyo, si kufika.

Ijumaa iliyofuata, *y* yenye mkia mrefu:

*Asante kwa Jumanne na Alhamisi.
Jumatatu je?*

Nilicheka peke yangu hadi miwani ikaingia ukungu.
Na juu ya kopo, kwa kuwa kwenye tundu lisingepita,
mtu alikuwa ameacha chungwa.
Bila karatasi. Bila jina.
Nimelizungusha mezani mchana kutwa,
jedwali limefunguka mbele yangu,
na sijui niliandike safu ipi.